Mwalimu Aliyekataa Kiapo cha Mazoezi

Alizaliwa mwaka 1951, binti wa fundi viatu, na mama yake alipenda kusema kwamba siku ile alilia kama mtu anayekata rufaa. Akasoma sheria, akawa mhadhiri wa chuo kikuu, hakuolewa, na kila alfajiri alisali kwenye benchi la nyuma kanisani kabla ya kwenda darasani. Wanafunzi walimwita Mama Ushahidi, maana ndilo somo alilofundisha.

Chuoni kulikuwa na mahakama ya mazoezi. Mwanafunzi anayeigiza shahidi alishika Biblia au Kurani ya kweli, akaapa kwa Mungu kusema kweli tupu, kisha akasimulia kisa kilichotungwa na idara. Miaka yote hakuna aliyeshtuka. Mwaka 1989 yeye akashtuka. "Wanangu, Mungu mnamwita aje kutazama maigizo? Mkizoea hapa, kule mahakamani mtaapa huku mnatafuna karanga." Darasa likacheka. Yeye hakucheka, akawakataza kuapa.

Mkuu wa kitivo akawaka. "Mama, hapa tunafundisha sheria. Dini iache getini."

"Basi na kiapo kibaki hukohuko getini, mzee."

Alama za darasa lake zikafutwa, wanafunzi wakamnunia, naye akaitwa mbele ya kamati. Mlangoni rafiki yake, mwalimu wa mikataba, alimvuta pembeni. "Dada, sema ulikuwa mgonjwa, kichwa hakikuwa sawa. Kazi utabaki nayo. Nani atajua?"

"Si watanipa kitabu nishike?"

Kweli, wakampa Biblia. Akaapa, akasema alikuwa mzima wa afya na angekataza tena. Wakamfukuza.

Akaishi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, unga ukimwingia mpaka kwenye nyusi. Makala yake kuhusu kiapo na dhamiri jarida la kitivo lilimrudishia, bahasha haijafunguliwa. Macho yakafifia, wageni wakapungua. Alifariki mwaka 2004, na chuo hakikuleta hata mtu wa kushika mwavuli kaburini.

Anayetafuta muujiza mkubwa ataondoka na njaa. Wakili mmoja, kati ya wale wanafunzi walionuna, alisimulia kwamba siku ya kifo hicho, naye hana habari, alikuwa mahakamani na shahidi ambaye yeye mwenyewe alimkaririsha uongo wiki nzima. Shahidi alipoinua Biblia, wakili akahisi mkono wake mwenyewe umekuwa mzito. Akasimama. "Mheshimiwa, shahidi huyu namwondoa." Kesi akashindwa, na mteja akamtukana mpaka barabarani.

Chuoni wanaapa vilevile hadi leo. Sisi tumwige mama huyu: tukimtaja Mungu, tuwe tunamwita kweli.