Hedifoni na Mtungi wa Maziwa

Katikati ya miaka ya tisini, mtu mzima aliyeonekana akikimbia Gatuanyaga asubuhi alikuwa ama anafuata ng'ombe ama anafuatwa na mtu. Mimi sikuwa katika kundi lolote. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, na daktari mmoja wa Thika alikuwa ameniambia kwamba presha yangu ingeshuka kama ningetembea haraka kila siku. Nikaona kama kutembea kunasaidia, kukimbia kutasaidia zaidi.

Wiki ya kwanza watu walitoka nje kuangalia nyuma yangu.

"Mwalimu, ni nini kinakufukuza?" mama mmoja aliniuliza akiwa chini ya ng'ombe wake.

"Hakuna."

"Na mbona unakimbia?"

Nilimweleza habari za presha, za moyo na za mishipa. Mimi hupenda kueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana," akaendelea kukamua.

Wiki ya pili nikapata wokmani. Kaka yangu, aliyekuwa akiishi Gatongora kule Ruiru, alinunua mpya akaniachia ya zamani. Kwa msomaji aliyezaliwa baadaye, ilikuwa ni mashine ndogo ya kuchezea kaseti, nzito kama kipande cha sabuni ya kufulia. Uliifunga kiunoni, na waya ukapanda hadi kwenye hedifoni, yaani utepe wa chuma uliopita juu ya kichwa na sponji mbili zilizoziba masikio. Kaka alinirekodia kaseti moja, upande wa kwanza kwaya, upande wa pili rumba. Kwa hivyo nilikuwa nikienda na kwaya na kurudi na rumba. Betri zilipokaribia kuisha, kwaya iliimba kama iko mazishini, nami nikapunguza mwendo kwa heshima.

Hapa sina budi kueleza habari za baiskeli ya maziwa, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka.

Kulikuwa na mzee aliyepita nyumba sita kila alfajiri akikusanya maziwa. Aliyatia kwenye mitungi miwili ya lita ishirini, mmoja kila upande wa karia ya nyuma, akayapeleka hadi njia panda ambako lori la maziwa lilisimama. Baiskeli yake haikuwa na breki. Zamani ilikuwa nazo, lakini mteremko ule ukiwa na mzigo ule ulikata waya za breki kila mara, mwishowe akaacha kuzinunua. Alisimama kwa kukandamiza gurudumu la mbele na soli ya akala, viatu vyake vya mpira wa tairi, na kazi hiyo ilihitaji uwanda na muda. Kwenye mteremko alikuwa na sauti tu. Akifika juu aliita, "Maziwa! Maziwa!" na kila aliye njiani alisogea ukingo wa kushoto na kungoja apite. Hakuna aliyetufundisha. Hata mbuzi walisogea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesogea mara nyingi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba hedifoni zimeniongezea muziki tu. Sikufikiria kwamba kuna kitu zimeniondolea.

Asubuhi hiyo nilikuwa katikati ya mteremko, katikati ya njia, na katikati ya ubeti wa tatu. Kitu kikanipita kwa upepo mkono wa kulia, nikaona baiskeli ikiingia kwenye ua wa mkonge pamoja na mwenyewe.

Nilivua hedifoni. Mtungi mmoja ulikuwa umefunguka na maziwa yakiteremka njiani, meupe kabisa juu ya vumbi jekundu. Wa pili ulikuwa umelala, kifuniko kimeshika. Mzee alikuwa ameketi kwenye nyasi ameshika kiwiko.

"Ngai! Mwalimu, kwani hujanisikia?"

"Sijakusikia, mzee. Umeumia?"

"Nimeita mpaka sauti ikaisha. Uko na nini kwa masikio?"

"Muziki."

"Muziki." Alilitazama lile neno kwa muda. "Rumba?"

"Kwaya."

"Afadhali."

Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama nane. Njia panda ilikuwa mbele, karibu kilomita mbili, na lori liliondoka saa moja na nusu, bila kungoja mtu. Likiondoka, hakukuwa na mahali pengine pa kuyapeleka yale maziwa yaliyobaki, na kwa jua la Gatuanyaga yangekuwa yameganda kabla ya saa sita. "Hii ni ya nyumba tatu," mzee alisema akiugusa mtungi. "Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja. Sijawahi kurudisha maziwa ya mtu." Alijaribu kuuinua, mkono ukakataa.

Niseme sasa ninalofanya tangu siku ile, kabla sijasahau. Sponji moja huikalisha nyuma ya sikio, si juu yake. Sauti huiweka chini kiasi cha kusikia viatu vyangu mwenyewe. Nisipovisikia, najua sitasikia kingine. Hukimbilia upande wa kulia wa barabara, nikitazamana na magari. Na kwenye mteremko huzima kabisa. Si vigumu, na muziki haupungui utamu. Mtu yeyote anaweza.

Lakini siku ile hakuna aliyekuwa anakimbia na muziki tena. Mzee alifungua ukanda wa ngozi uliofunga mizigo yake.

"Unajua kubeba kwa mgongo?"

"Nilimbebea mama kuni."

"Basi unajua. Toa hiyo chuma kwa kichwa."

Ukanda wa mzigo hupita pale pale juu ya paji la uso, na nilikuwa nimezirudisha hedifoni kichwani bila kufikiri. Nilimpa. Alizitia mfukoni mwa koti, nikainama, akanisaidia kuuegemeza mtungi mgongoni. Nikaanza mbio.

"Usikimbie! Ukiruka-ruka hivyo tutafika na siagi!"

Kwa hivyo nilitembea. Ukibeba hivyo huoni kitu ila vidole vyako na hatua mbili za mbele, na kugeuza kichwa huwezi. Njia yote huingia kwa masikio. Nilisikia akala za mzee nyuma yangu, moja ikiburuta. Nilisikia pikapu ikibadilisha gia mbali, nikasogea ukingoni kabla hajaniambia. Nilisikia maziwa yakipiga ndani ya mtungi, na nikajifunza kukanyaga hadi yanyamaze.

Kisha nikasikia injini kubwa ikiwaka mbele.

"Lori," nilisema.

"Bado sioni."

"Limewasha."

Mzee alinipita mbio, mkono mzima umeushika ule ulioumia, akipaza ile sauti aliyokuwa nayo: "Maziwa! Maziwa!" Kina mama waliokuwa njia panda na ndoo zao tupu walisogea ukingo wa kushoto. Dereva wa lori, aliyekuwa ameshaanza kuondoka, naye akasogea ukingo wa kushoto na kusimama, akingoja baiskeli ipite. Alingoja kitambo. Badala yake alinipata mimi.

Karani wa maziwa alifungua mtungi. Ulikuwa umejaa povu.

"Mmeleta maziwa ama bia?"

"Ngoja povu ishuke," mzee alisema.

Dereva alipiga honi. Nilianza kumweleza karani kwamba povu ni hewa tu na halibadilishi uzito wa maziwa yaliyo chini. Karani aliniangalia, akamwangalia mzee, akainua mkono kumnyamazisha dereva, au pengine mimi. Tukangoja sote. Povu likashuka. Alitumbukiza kipimo, akakisoma, akakisoma tena, akamimina maziwa kwenye mtungi mkubwa wa lori.

Mzee alinirudishia hedifoni zangu.

"Ule mwingine uliomwagika," nilisema, "nitapita kwa hizo nyumba jioni niombe msamaha."

"Tutapita pamoja. Lakini wacha niongee mimi. Wewe utaeleza mpaka giza."

"Na mkono?"

"Mkono uko. Gurudumu ndiyo itakaa kwa fundi siku nne." Aliupangusa mtungi mtupu kwa mkono wa koti, akanikabidhi. "Kesho saa kumi na mbili, mwalimu. Nyumba ya kwanza ni ile ya mama mwenye ng'ombe mweusi. Usichelewe, hukamua mapema."