Gurudumu la Cherehani na Miwani ya Mama Mkwe

Nilipofungua cherehani ya mke wangu nilikuwa na nia ya kuirudisha kabla ya mchana. Nalisema hili mapema kwa sababu ukoo mzima wa wakwe zangu kule Didia ulikuja kuamini vingine, na mimi nimechoka kujieleza. Nilihitaji gurudumu lake la chini, lile kubwa linalozungushwa na kanyagio, ili nitoboe tundu moja. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, sindano ingepita kwa kubembelezwa.

Tulikuwa tunakaa Tinde, kandokando ya barabara, miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa nimeacha kazi kwenye karakana ya mgodi wa dhahabu huko Geita, nikarudi na vitu viwili: kikohozi, na hamu ya kuwa na kerezo langu mwenyewe, yaani ile mashine inayoshika chuma na kukizungusha ili ukichonge. Nililipata kwa Mhindi mwenye duka. Alikuwa akipanga juu yake magunia ya karanga ili mchwa wasiyafikie, na nilipoomba kuliondoa aliuliza karanga zake zitakaa wapi. Lilikuwa la kukanyaga kwa mguu, zito, na mwendo wake ulikuwa wa ng'ombe anayerudi zizini ameshiba. Kwa kuchonga bushi za mikokoteni, zile pete za chuma ambamo ekseli huzunguka, lilifaa kabisa.

Kisha ikaja miwani ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa msomaji wa barua pale Didia. Alisomeshwa na wamisionari, na haohao ndio waliompa miwani. Vijana waliokwenda migodini walikuwa wakiandika kwao, na kwa kuwa mama zao hawakujua kusoma, barua zote zilipelekwa kwake. Aliketi uani na kikapu chake, akazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na akina mama wakaondoka pale wakijifuta machozi ya furaha. Jambo hilo lilinishangaza. Vijana wale niliwajua, nimelala nao bweni moja, na sikumkumbuka hata mmoja mwenye neno tamu.

Sasa mkono wa miwani ulikuwa umekatika kwenye bawaba, barua zikawa zinalundikana kikapuni, na mke wangu akaniletea miwani hiyo imefungwa kwenye kitambaa. Alisema mama yake anaomba, ikiwezekana. Mama mkwe mwenyewe asingeweza kuniambia. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia porini, na neno la mmoja humfikia mwenzake kwa kupitia mtu mwingine. Kwa miaka sita ya ndoa nilikuwa nimemwona kisogo mara nne.

Kazi ilikuwa hii: kutoboa kipande cha chuma cha bawaba, nikipitishe kipini kipya. Biti nyembamba za kutobolea nilikuwa nazo nne, nimezitunza kwenye kopo la tumbaku. Ya kwanza nikaifunga kwenye kerezo, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Ikakatika. Ya pili ikakatika. Ya tatu niliiombea kwanza, nayo ikakatika.

Nikakumbuka mgodini. Biti nyembamba haitaki nguvu, inataka mbio, na kerezo langu halikuwa na mbio. Mzungu wa karakana alikuwa na kifaa chake cha pembeni, kishafti kidogo kinachofungwa juu ya kerezo, kikivutwa na mkanda wake wenyewe, kinazunguka mpaka kinapiga mluzi. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nilikuwa nimekitazama miaka mitatu, nikijifanya nafagia.

Nikaanza kutengeneza changu. Shafti niliichonga kutoka kwenye vali ya injini ya lori lililokufa. Bushi mbili nilizipata kwenye bomba la shaba, nikazipachika kwenye gogo dogo la mninga na kulifunga mahali panapokaa kisu cha kerezo. Nyuma ya shafti nikaweka puli ya mpingo, kigurudumu cha kupitishia mkanda, ndogo kuliko kifundo cha kidole gumba. Hapo ndipo penye siri yote: gurudumu kubwa likizunguka mara moja, puli ndogo inazunguka mara nyingi mno. Na gurudumu kubwa nililolijua mimi lilikuwa moja tu, sebuleni, chini ya cherehani.

Mke wangu alikuwa na magauni ya watu. Mavuno ya pamba yalikuwa yameisha, ngoma zilikuwa zinakaribia, na kila mwanamke Tinde alitaka kuonekana. Siku ya kwanza aliniuliza kwa upole, nikamwambia kesho. Bushi zikapata moto, nikazichonga upya. Siku ya pili nikamwambia kesho. Mkanda wa ngozi ukateleza, nikaupaka nta ya nyuki. Siku ya tano aliniuliza iwapo tundu la miwani ni moja au ni mengi, na hapo niseme ukweli: tundu lilikuwa moja, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria mengine. Nilimjibu kwamba cherehani haijaharibika, imebadilishiwa kazi tu.

Jibu lile lilikuwa la kijinga. Nililijua hata kabla halijanitoka lote.

"Basi kerezo likupikie," alisema. Akamfunga mtoto mgongoni, akajitwika kichwa cha cherehani, akashika njia ya Didia. Sikumzuia. Nilijitia hamnazo, nikaendelea kupaka nta.

Siku mbili nilikula ugali niliousonga mwenyewe, ambao mbwa aliunusa na kwenda kulala. Nyumba ilikuwa kimya hadi nikawa nasikia mchwa. Nilimkosa vibaya, nalisema bila aibu kwa kuwa sasa ni mzee. Siku ya tatu nikachukua karatasi na kuandika barua, kwa kuwa mgodini nilijifunza kuandika na nilijiona bingwa. Nikaandika kwamba nyumba haikaliki. Nikaandika arudi. Sikuandika kwamba nimekosa, kwa sababu wakati huo sikuwa nimekosa. Karatasi ikajaa, lakini hasira ilikuwa bado imebaki, basi nikaimalizia pembeni kwa maandishi madogo sana: kwamba yote haya yameletwa na mama yake, mwanamke wa kujua siri za watu, ambaye bila shaka aliikalia hiyo miwani. Nikampa utingo wa lori la pamba, akaishushe Didia.

Lori lilipoondoka nikarudi kwenye kerezo. Nikafunga biti ya nne, ya mwisho, nikaishika miwani mkononi, na ndipo akili iliponirudia. Mke wangu hakujua kusoma. Barua zote za Didia zilisomwa na mtu mmoja. Barua yangu wakati ule ilikuwa njiani kwenda kulala kikapuni, ikisubiri miwani hii hii.

Nilikaa pale muda mrefu. Nikiitengeneza, mama mkwe atasoma niliyomwandikia, mbele ya binti yake na wanawake wote wa pale, na mke atakuwa amekwenda moja kwa moja. Nisipoitengeneza, nitaonekana mtu aliyevunja cherehani kwa ajili ya miwani, kisha akashindwa na miwani. Nilifikiria kuidondosha kwa bahati mbaya. Badala yake niliinua mguu, nikalikanyaga lile kanyagio la cherehani.

Gurudumu likashika. Shafti ikapiga mluzi, mwembamba, uleule wa mgodini. Biti ikaingia kwenye bawaba kwa utulivu, ikitoa unga wa chuma mwepesi, na kabla sijapumua ilikuwa imetokea upande wa pili. Sijawahi kutoboa tundu zuri kama lile. Nilicheka peke yangu, kisha nikaikumbuka barua.

Kesho yake asubuhi nilipanda baiskeli hadi Didia. Nilisimama nje ya ua wa minyaa, kama inavyotakiwa, baba mkwe akatoka. Nikachuchumaa, nikamwamkia, akaitikia. Nikamkabidhi miwani kwa mikono miwili, na kwa sauti ya chini nikamwambia kuna barua yangu kikapuni ningependa kuichukua, ina makosa ya uandishi. Alinitazama kwa huruma. Akasema barua ikishatumwa ni ya aliyetumiwa, akaniwekea kinu kilichopinduliwa nikikalie, akaingia ndani.

Nikasikia wanawake wakikusanyika upande wa pili wa minyaa. Mama mkwe akakohoa. Akasoma barua ya kwanza, ya kijana mmoja wa mgodini, akimwambia mama yake kwamba kila akila anamkumbuka. Kijana huyo nilimfahamu. Alikuwa hamkumbuki mtu hata akiwa na njaa. Nikaanza kuwa na mashaka, lakini sikupata nafasi ya kuyafikiria, maana barua ya pili ilikuwa yangu.

Alisoma polepole. Nyumba haikaliki, alisoma. Rudi, alisoma. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi viatuni. Nikasikia karatasi inageuzwa upande, jinsi mtu anavyoigeuza kusoma ya pembeni.

Kisha akasoma: "Nimekosa, mke wangu. Gurudumu ni lako, nalirudisha leo kabla ya jua kuchwa. Na uwasalimie wazazi wako kwa heshima."

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Nikawaelewa wale akina mama wote na machozi yao ya furaha.

Mke wangu alitoka baada ya kitambo, kichwa cha cherehani kichwani, akanipa mtoto. Tulipovuka mto mkavu aliniuliza kama kweli niliandika kwamba nimekosa.

"Nimeandika," nikasema.

Tulifika Tinde jua likiwa bado juu. Sikunywa hata maji. Nilifungua mkanda, nikaling'oa lile gogo la mninga pamoja na shafti yake, nikaliweka juu ya rafu, na likakaa huko miaka mingi. Kisha nikaburuta meza ya cherehani kutoka kwenye kerezo hadi sebuleni, nikapiga magoti chini yake kulikaza gurudumu. Mke wangu alisimama juu yangu akichagua uzi.

"Nilisahau," alisema. "Mama kasema nikwambie miwani imemkaa vizuri. Anasema sasa anaona hata maandishi madogo ya pembeni."

Nikaendelea kukaza.