Niliuliza kama mkono wa kioo unaruhusiwa, swali langu likawapa wengine ushindi

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila ku-log in, nawasalimu pia.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe hapa Kigali. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa. Sina sababu ya kuongeza chumvi, yenyewe inauma vya kutosha.

Mnijue kidogo. Nina miaka arobaini na kitu, Mnyarwanda niliyezaliwa Karagwe na kusoma huko hadi form four. Baada ya hapo sikukaa mahali. Mwanza nilijenga maboti ya faiba. Nairobi nilitengeneza bampa na boneti za magari ya rally. Kampala nikapita tu.

Nairobi ndiyo naikumbuka zaidi. Kulikuwa na gereji moja ya mabati, watu wanabishana kuhusu sheria za mashindano mpaka chai inapoa, halafu wanacheka.

Hapa nyumbani hatubishani. Hapa tunaomba ruhusa.

Sasa niko Gisozi, kwenye karakana za Agakiriro. Najenga vitu vya faiba, na mwenzangu Hamza, mtu wa Nyakabanda, anashona viti vya magari. Chumba kimoja, redio moja, ugomvi wetu mkubwa ni station gani isikike.

Mwaka jana kikundi cha wapenda magari kikatangaza mashindano ya magari ya kiti kimoja. Injini ya pikipiki, tairi ziko nje, bodi unajenga mwenyewe. Gari litakaloshinda ndilo lingekuwa mfano wa msimu unaofuata: bodi za magari yote zingejengwa kama lake, na waliolijenga ndio wangepewa kazi hiyo.

Kwangu hilo lilikuwa na maana moja tu. Sababu ya kutohama tena.

Tukaingia. Mimi bodi, Hamza kiti na usukani. Aliwahi kuendesha moto, yaani bodaboda, miaka mingi, na kona za mji huu anazijua kama vidole vyake.

Sasa nieleze ufundi kidogo, msinikimbie.

Gari ambalo tairi ziko nje lina tatizo. Tairi ya mbele ikizunguka inaupiga upepo na kuuvuruga. Upepo huo uliovurugika unarudi nyuma na kuligonga bawa, na bawa linashindwa kuligandamiza gari chini. Hiyo nguvu ya kugandamiza ndiyo downforce. Ikikosekana, unaingia kona kwa kasi na mkia unakutangulia.

Sheria zilikuwa kali kwenye mabawa: upana, kimo, idadi. Sakafu lazima iwe bapa. Kitu chochote kinachochezacheza ili kubadili upepo ni marufuku. Lakini kila gari lazima liwe na vioo viwili vya pembeni, na juu ya mkono unaoshika kioo hakukuwa na neno hata moja.

Mmeona nilichoona?

Nilijenga mkono mpana kama jembe, umepinda kwa nje. Kazi yake kwenye karatasi ni kushika kioo. Kazi yake kweli ni kuusukuma ule upepo mchafu mbali na bawa la nyuma.

Kupima upepo hatuna mashine. Hamza alikata nyuzi za kushonea viti, tukazigandisha kwa selotepu mwili mzima wa gari. Yeye akaendesha kwenye kiwanja cha changarawe cha rafiki yake, mimi niko nyuma ya pikipiki narekodi kwa simu. Bila ule mkono, nyuzi za nyuma zilikuwa zinacheza kama wehu. Tulipouweka, zikalala. Zote. Zimenyooka kuelekea nyuma kama nywele zilizochanwa.

Hamza alivyoiona ile video alinipiga kofi la mgongo karibu nianguke.

"Sha, hii iko hatari! Wacha tuinyamazie."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi yake mbaya. Nikawaza siku ya ukaguzi. Nikawaza watu wamejaa, gari letu linarudishwa, tunasukuma kurudi nyumbani. Nani anaanza kitu mji huu bila kuuliza kwanza?

Nikamwandikia mkaguzi mkuu, mama mmoja Engineer Solange, aliyekulia Uganda. Nikamuuliza kama mkono wa kioo una kikomo cha upana. Na ili asinielewe vibaya, nikaambatisha mchoro.

Hamza nilimwambia kesho yake, anakata ngozi ya kiti.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza. Tukipata jibu hakuna wa kutugusa."

"Na mchoro umeweka?"

"Nimeweka."

Akaweka mkasi chini. "Muzee. Si nilikuambia tuinyamazie? Kama haijakatazwa, iko sawa. Wewe umeenda kuwaonyesha pa kukataza!"

Jibu lilikuja kwenye group la WhatsApp la timu zote. Sheria ilisema hivyo, swali la mmoja linajibiwa mbele ya wote ili pawe na usawa. Nilikuwa nimeisoma. Nilidhani watatuma jibu tu. Walituma jibu pamoja na mchoro wangu.

Jibu lenyewe: mkono wa kioo hauna kikomo cha upana, ilimradi unashika kioo na haulegei ukibebeshwa uzito. Siku ya ukaguzi kila mkono utapimwa kwa kutundikiwa kidumu cha maji.

Kabla ya swali langu hapakuwa na kidumu, wakuu. Hicho kipimo nilikizaa mimi.

Nikasema potelea mbali, mkono wetu mgumu. Nikaongeza tabaka la faiba, nikauegemea kwa kiwiko, ukatulia. Nikaridhika.

Siku ya ukaguzi tunafika, naangalia foleni ya magari. Mikono mipana kila upande! Mmoja umepakwa rangi ya dhahabu. Timu moja ya vijana wenye gereji kubwa Kibagabaga walikuwa na mkono kama wangu kabisa, mpindo ule ule, ila wa kaboni. Mweusi, unang'aa. Wakatundika kidumu. Haukutikisika.

Zamu yetu. Kidumu kile kile. Ncha ya mkono wangu ikashuka kiasi cha vidole viwili. Faiba ndivyo ilivyo, ukiifanya nyembamba ili ipasue upepo vizuri, inalegea nchani. Ukiifanya nene, upepo unakataa.

"Engineer, umeona ni kidogo tu," nikamwambia. "Na wazo ni langu. Hao wote wamenakili kwangu."

"Najua, mzee. Mchoro ulikuwa mzuri sana." Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Mimi sikatai wazo lako. Nakataa mkono wako."

Tulifunga vioo vya kawaida vya pikipiki, vya fimbo nyembamba. Hamza akakimbia hivyo hivyo. Kwenye kona ya pili mkia ukamtangulia, akazunguka, akaishia kwenye matairi ya pembeni. Alitoka mzima, anajifuta vumbi. Hakuniangalia.

Vijana wa Kibagabaga wakashinda. Kiongozi wao akanifuata kunipa mkono. "Mzee, asante kwa lile swali lako. Sisi tusingefikiria." Hakuwa ananicheka. Angenicheka ningejua la kumfanya.

Haikuchukua muda Hamza akahamisha cherehani yake Kibagabaga. Anawashonea viti vya magari yote ya msimu mpya, yale ambayo bodi zake zilikuwa ziwe zangu. Nilimpigia, nikamwambia ameniuza.

"Nimekuuza? Ule mkono tulifanya wawili, nyuzi zangu, shingo yangu kwenye kona. Ulipotaka kuuliza ulimwuliza engineer. Mimi ulikuja kunipa habari."

Nikakata simu.

Sheria mpya zimetoka: bodi ni ile ya Kibagabaga, ila mkono wa kioo usizidi upana wa vidole vitatu. Vijana wameshachukua ushindi, sasa waandaaji wamefunga mlango. Sheria ile imeandikwa kwa ajili yangu na jina langu halimo.

Nilichojifunza: kwenye kazi hii, ukiuliza kama wazo lako ni halali, umeshaligawa. Jibu hata liwe ndiyo, halitakuwa lako peke yako. Na kama lazima uulize, basi anza na yule atakayeingia kona akiwa ndani ya hilo gari.

Kodi ya chumba cha Gisozi siiendelezi. Kuna mtu kanialika Bukoba, anahitaji fundi wa faiba.

Wakuu, mngekuwa mimi mngeuliza, au mngenyamaza mkasubiri kukamatwa? Na Hamza ana kosa au hana? Semeni msimamo wenu. Wenye matusi pia karibuni, nitayasoma njiani.