Mlango wa Nyuma Sirudi

Mama mkwe wangu alikuwa na miaka themanini na minne alipopangiwa kupasuliwa mtoto wa jicho kwenye kliniki moja ya Rosebank. Mume wangu alitaka kumpeleka kwa gari. Mama akakataa. Alitaka treni ya chini ya ardhi, aliyoisikia ikisifiwa miaka nenda rudi na hajaipanda hata mara moja.

"Makoti atanipeleka," alisema.

Makoti ndiye mimi, mke wa mwanawe. Kwetu ni Tanga. Mume wangu nilikutana naye Morogoro alikokuwa akiishi uhamishoni, na utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokoma kwao nikamfuata huku Johannesburg. Tangu hapo nilijizoeza kunyamaza mbele za watu, maana Kizulu changu kina lafudhi, na lafudhi hapa humfanya mtu aulizwe atarudi lini kwao.

Tulitoka nyumbani, mtaa wa Bellevue, asubuhi, tukafika stesheni ya treni hiyo katikati ya jiji. Stesheni hiyo imechimbwa ubavuni mwa stesheni kongwe ya jiji. Unashuka kutoka barabarani hadi ukumbi wa tiketi, unagusisha kadi getini, kisha unashuka tena, safari hii ndefu, mpaka treni zilipo.

Tulipopita geti tukakuta lifti imezungushiwa utepe. Ngazi za umeme zilikuwa zikipandisha tu. Za kushukia zilikuwa zimezimwa na kuzibwa. Zilibaki ngazi za saruji. Mlinzi mmoja, baba wa makamo, akatujia.

"Gogo," akamwambia, yaani bibi, "tokeni nje mzunguke jengo. Nyuma kuna lifti ya mizigo."

"Nyuma upande upi?" Mama akauliza.

"Wa reli. Pale yanapopitishwa mapipa ya taka."

Mama aliuweka mkoba wetu chini. Kisha akaanza kuongea, polepole, wala hakupaza sauti. Alimweleza kwamba alipokuwa msichana alikuwa yaya kwa Wazungu, na walipokwenda likizo alimbeba mtoto wao mgongoni mpaka mlango mkubwa wa stesheni ile kongwe. Mlangoni alifungua kanga ya mgongoni, akamkabidhi mtoto kwa mama yake, halafu yeye akazunguka nyuma, kwenye mlango wa watu weusi, upande huohuo wa reli.

"Mtoto alipita mbele akilia ananitaka," alisema. "Mimi nyuma sirudi. Nitashuka hapa."

"Gogo, ukianguka nitafukuzwa kazi mimi."

"Sitaanguka. Makoti yupo."

Mlinzi akanigeukia. "Dada, mwambie huyu mzee."

Nikamjibu kwa Kizulu changu hichohicho, tena kwa sauti. "Amekwisha kusema. Tunashuka."

Akanitazama. "Kumbe wewe si wa hapa."

Zamani ningeinamisha kichwa. Siku ile nilimwambia, "Nimezaa hapa, nimezika hapa. Tupishe."

"Umemsikia mwanangu," Mama akasema.

Tukashuka. Mkono mmoja aliushika ukuta, mwingine bega langu. Mguu wa kulia kwanza, wa kushoto ukafuata, kila ngazi vivyo hivyo. Nyuma yetu watu wa maofisini walianza kusongamana. Mwanamume mwenye begi la kompyuta akaguna, "Eish, tunachelewa!" Katikati ya ngazi Mama akachoka, akaketi. Nilisimama mbele yake nikiwatazama watu wale machoni, mmoja mmoja. Wakapita pembeni. Msichana mmoja wa shule akaupokea mkoba wetu bila kuombwa.

Treni ya kwanza iliondoka tukiwa hatujafika. Mlinzi alikuwa ametufuata, ngazi mbili nyuma, mikono mbele kama mtu anayemwandama mtoto anayejifunza kutembea. Tulipokanyaga chini akavua kofia, akajipangusa jasho.

"Mama yangu naye alikuwa yaya," akasema.

"Basi mlete," Mama akamjibu. "Umpitishe mbele."

Kliniki tulifika tumechelewa, wakatusema, kisha wakampasua. Jioni tulirudi kwa treni ileile, yeye na bandeji jichoni. Lifti bado ilikuwa imefungwa. Asubuhi yake niliwaandikia wenye treni malalamiko ya ile lifti kwa Kiingereza, nikatia sahihi kwa jina langu kamili la Tanga.