Nilimwona Kulwa Akiingia Mtoni, Nikanyamaza

Ndugu zangu, nimekosa, na kosa lenyewe nimelificha tangu mvua za mwaka jana. Jina langu msiniulize. Mimi ni mwanamke mkulima wa pamba hapa Ngulyati, na Jumapili huwa nafundisha watoto Biblia kanisani kwetu.

Watoto wananipenda kwa sababu sisomi tu, tunaigiza. Tulipofika kwenye habari ya Waisraeli kuvuka Yordani, niliwapeleka mtoni. Kiangazi mto wetu ni mchanga mtupu, tunachimba humo visima vya maji ya kunywa. Nikawabebesha kreti la soda, wawe makuhani na sanduku lao la agano.

"Maji hayakusimama mpaka walipokanyaga," nikawaambia. "Anayemwamini Mungu anakanyaga kwanza."

Kulwa, binti wa jirani yangu, alikanyaga kwa vishindo. Pacha wake, Doto, akagoma. Alibaki ukingoni akionyesha kidole wingu la mbali.

"Mama amesema mvua ikinyesha kule juu, mto unakuja hata kama huku kuna jua."

Nilicheka. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba woga ni kukosa imani. Tangu hapo wakamwita Doto Mwoga, na mimi sikuwakataza. Aibu gani hii!

Mvua zikaanza. Alasiri moja nilikuwa natoka shambani, jembe begani, nikafika kivukoni nikakuta mto umekuja, maji mekundu yamebeba mabua na matawi. Ng'ambo walikuwa wale mapacha, wametoka shule. Kulwa aliponiona alifurahi, akanipungia. Kisha akavua viatu.

Nilijua anachotaka kufanya. Nilimfundisha mimi.

Nilifungua kinywa nipige kelele, nikakifunga. Akaingia akinitazama, maji yakamzoa, na mimi, Mungu anisamehe, nikarudi nyuma nikajibanza kwenye kichaka cha minyaa.

Huku kwetu ukiona hatari unapiga mwano, lile yowe la kuita kijiji kizima. Anayeona akanyamaza hatazamwi tena kama mtu. Mimi nilinyamaza. Niliogopa maji, lakini zaidi niliogopa kuulizwa ni nani aliyemfundisha yule mtoto kukanyaga mto uliojaa.

Mwano ulipigwa na Doto. Alikimbia kufuata ukingo akilia mpaka wanaume waliokuwa wakilima upande wangu wakaacha ng'ombe na kuja na kamba. Walimkuta Kulwa kwenye kona amekumbatia mizizi ya mkuyu, mkono umevunjika, macho wazi, halii.

Hapo ndipo nikajitokeza, kama mtu anayefika.

"Mayu, mama yangu, shika kamba huku," mzee mmoja akaniambia. Kisha akauliza, "Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Nilipokwenda kumpa pole hospitalini Bariadi, Kulwa alininong'oneza, "Mwalimu, nilikuona ng'ambo. Ulikuwa unaniombea, eti?"

Nikasema ndiyo.

Basi akawasimulia wenzake kwamba maombi ya mwalimu ndiyo yaliyomwokoa. Mama yake akaniletea kuku wa shukrani. Sikuweza kumchinja wala kumrudisha. Yupo tu anataga, na kila akitetea naziba masikio. Nikisikia ngurumo za mbali silali.

Sasa mvua zimekaribia tena. Jumapili iliyopita Kulwa alinifuata baada ya ibada. "Mwalimu, mwaka huu sitayumba. Mwaka jana imani yangu ilikuwa ndogo."

Mtoto huyu angeingia tena.

Nilimshika ule mkono uliovunjika. "Imani yako haikuwa na kasoro, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Na sikuwa nakuombea. Niliogopa, nikajificha."

Akauliza, "Sasa nani aliniokoa?"

"Mungu. Kwa sauti ya Doto."

Alichomoa mkono wake taratibu, akaenda kukaa karibu na pacha wake. Tangu siku hiyo hanisalimii.

Wamebaki wazazi wao. Nakwenda kuwaambia leo jioni. Wakinifukuza ni haki yao, na kijiji kikinitenga sitalalamika. Kuku nitambeba nimrudishe.

Nyinyi mnaofundisha watoto, wafundisheni ujasiri, wafundisheni kumtegemea Mungu. Ila msiwavue woga ambao Mungu huyohuyo amewawekea. Mtoto akikuambia mto unakuja, usimcheke. Mshike mkono mtoke mchangani.