Mashini Iliyozimwa Dilala

Mungu anisamehe: nilisema mbele ya kwaya nzima kwamba yule binti wa parokia yetu, fundi wa kampuni ya simu, anakula mushahara wa bure kwa sababu hajapanda mnara hata siku moja.

Juzi nilikwenda ofisi yao ya Dilala kutafuta kadi ya simu. Binti akatoka chumba cha nyuma, akatangaza kwamba wanazima mashini kubwa ya zamani inayounganisha simu zote. Kazi ya mashini hiyo itafanywa na programu zilizogawanywa kwenye kompyuta nyingi. Moja ikianguka, nyingine inashika kazi.

Tata mumoja, mzee mwenye simu sikioni, akaruka. "Usizime! Mutoto wangu iko anazaa kule Musumba. Bibi yangu iko kwa mulango wa maternité ya hospitali, ananielezea!"

"Ongea tu, tata."

Akaogopa kunyamaza, kana kwamba maneno yake ndiyo yanashika laini. Simu kwa mikono miwili, akamuuliza mke wake habari za mihogo, za mvua, akaanza hata Salamu Maria. Sisi kwenye foleni tukamwitikia.

Ghafla akalia: "Amezaa! Bote bazima, mama na mutoto!" Akamgeukia binti. "Sasa, mama, unaweza kuzima."

"Niliisha kuzima, tata. Tangu kwa mihogo."

Tulipiga makofi. Nikamwomba binti msamaha palepale, naye akacheka tu. Sikuelewa kazi yake yote, lakini kifua kilinijaa fahari: huyo amezaliwa Dilala, amesoma hapahapa.

Msomaji, binti yako akitaka kusoma ufundi wa kompyuta, nakuomba umuruhusu.