Doa la Chai Kwenye Kitabu cha Tatu

Daraja la mbele lilikuwa limefungwa. Dereva akatuambia tushuke, basi halitasogea mpaka mafundi wamalize, na mafundi wenyewe bado hawajaonekana. Nikashuka katika mji nisioujua, begi begani, kamusi yangu kuukuu kwapani ikiwa imepasuka vipande viwili. Nimevuka nayo mipaka mingi kuliko nilivyovuka na mtu yeyote. Mpokezi wa nyumba ya wageni aliitazama kama anayetazama mguu uliovunjika.

"Mpelekee Mama Gundi," akasema. "Nyuma ya kiwanda cha uchapaji, mlango wa kijani. Ukisikia watu wanagombana, usiogope. Wanagombania kitabu."

Kiwanda kilikuwa kimekufa, mashine zimefunikwa maturubai. Chumba cha nyuma tu ndicho kilichokuwa hai: meza ndefu, sindano zimechomekwa kwenye kipande cha sponji, kopo la gundi, na jiliwa kubwa la mbao la kubania vitabu. Mwanamke wa makamo alinipokea kamusi, akaipapasa mgongo kabla hata ya kunisalimia.

"Nani kaitesa hivi?"

"Safari."

"Safari haina mikono, kaka. Haya, keti."

Nikaketi. Mara akaingia dobi mmoja mnene anayenukia sabuni, na nyuma yake nesi aliyetoka zamu, viatu vyeupe mkononi, miguu imemvimba. Kila mmoja alikwenda kwenye stuli yake bila kutazama, kama ng'ombe anayejua zizi. Mama Gundi hakuinua macho kutoka kwenye kamusi yangu. "Tuliishia wapi jana?" akauliza.

"Palepale," nesi akasema. "Tunaishiaga wapi kwingine?"

Walikuwa wanazungumzia *Milango ya Chumvi*. Ni hadithi ndefu, vitabu vingi, ya mji ulio chini ya ardhi ambako kila mlango hufunguka kwa malipo ya kumbukumbu moja. Ukitaka kupita, unaacha kitu unachokikumbuka: sauti ya mama yako, ladha ya maji ya kwenu. Mshika Taa ndiye anayewaongoza watu gizani. Kwa walivyosoma wao, katika kitabu cha tatu mawe yanamwangukia, watu wanamlilia, wanamzika. Halafu, sura chache mbele, huyo hapo, anawasha taa na kuuliza nani bado yuko nje. Fumbo hilo ndilo lililowaweka hawa watatu kwenye stuli zile jioni baada ya jioni.

Mimi nilikuwa nimeisoma kwa lugha mbili nyingine, stesheni baada ya stesheni. Nikasogeza stuli yangu.

"Pacha," dobi akasema. "Nimesema tangu zamani. Waliyemzika ni pacha wake."

"Wewe kila kitu pacha," nesi akamjibu. "Shati la mteja likipotea dukani kwako, pacha wake kalichukua."

"Na imewahi kutokea!"

"Acha wewe. Yule anayewasha taa ni mzimu. Anapita mbele ya ukuta, kivuli hakitajwi."

"Choo nacho hakitajwi humo. Ina maana hawaendi?"

Nesi alicheka mpaka akakohoa. Mama Gundi akachoma sindano kwenye mgongo wa kamusi, akauvuta uzi polepole.

"Mzimu hauungui," akasema. "Anapowasha ile taa anaungua kidole, anakipuliza. Mmesahau? Yuko hai. Mawe yalimwangukia, wenzake wakachoka kuchimba, wakasema amekufa. Kusema na kufa ni vitu viwili. Na mlangoni imeandikwa: chumvi haimfungii njia anayesubiriwa. Ninyi mnapita tu hayo maneno kama mnapita kibao cha duka."

Dobi na nesi, ambao walikuwa na jibu kwa kila kitu, wakatazama meza. Sikujua kwa nini. Kwa hiyo nikafungua mdomo.

"Lakini anapowasha taa bado hajazikwa," nikasema. "Sura ya taa inatangulia. Mazishi yanakuja baadaye, na baada ya hapo haonekani tena."

Nesi alinikanyaga mguu. Alichelewa.

"Rudia," Mama Gundi akasema.

Nikarudia.

"Labda huko wamefasiri vibaya," dobi akadakia. "Wafasiri hawa, dada, unawajua."

"Umesoma kwa lugha ngapi?" akaniuliza Mama Gundi.

"Mbili."

"Na zote mbili?"

"Zote mbili ni hivyo."

Akaweka sindano chini. Akaenda rafuni akarudi na kitabu cha tatu, kimejalidiwa kwa kitambaa cha bluu, kazi safi ajabu, ukingo wake umenyooka kama maji yaliyotulia kwenye glasi. Ndani zilikuwa kurasa za fotokopi. Hakuna hata moja iliyokuwa na namba.

"Namba zilikuwepo," akasema. "Chini kabisa. Nilizikata mimi. Karatasi zilikuwa zimepishana, nami nilitaka ukingo unyooke." Akageuza kurasa. "Mume wangu ndiye aliyezileta. Alimwagia chai rundo zima njiani, ikakauka. Siku ya kushona likamponyoka mkononi, likatapakaa sakafuni pote. Tulicheka! Tukazipanga upya, yeye anasoma, mimi napokea. Sura zenyewe zina majina tu, na kila moja imesimama peke yake kama chumba. Tukajisemea ndivyo ilivyo."

Akachukua wembe akaanza kukata uzi wake mwenyewe. Nesi akanishika mkono, akanitoa nje.

"Ungeuliza kwanza, kaka," akasema.

Akaniambia pale penye mlango wa kijani, kwa sauti ya wodini. Mume wa Mama Gundi alikuwa mchimbaji. Shimo liliporomoka naye yuko chini, wenzake wakachimba, wakachoka, na mwisho wenye mgodi wakalifunga shimo kwa saruji. Mwili haukuonekana. Ukoo wa mume unataka kumwekea kaburi lenye jina na kumwombea, wapumzike, lakini mama mkwe amekataa lijengwe bila idhini ya mke. Na mke hakukubali kamwe. Kila shemeji yake anapokuja kumsihi, jibu ni moja: hazikwi mtu ambaye hajafa.

"Kwa hiyo hayo ya taa…"

"Sisi tuna akili, kaka. Tunajua ni kitabu." Akavaa viatu vyake vyeupe. "Mimi sijawahi kuamini mizimu. Lakini nikisema mzimu, na yule dobi akisema pacha, Mama Gundi anapata wa kubishana naye. Akibishana, anakula."

Tuliporudi ndani, kitabu kilikuwa kimelala mezani mafungu mafungu. Mama Gundi alikuwa akitazama doa la chai. Kwenye fungu la mazishi lilikuwa dogo kama kitufe cha shati. Kwenye fungu la taa, lililofuata, lilikuwa kubwa tena kama kisosi. Akalitoa fungu la taa, akaliweka kabla ya mazishi. Akafunua ukurasa mmoja mmoja, kama chai ilivyoshuka kwenye rundo. Kisosi, kisha sarafu, kisha kitufe, kisha karatasi nyeupe.

"Niliona linaruka," akasema. "Wakati nashona niliona. Fundi mzima. Nikajiambia karatasi zina tabia zake."

Dobi alifungua mdomo, nadhani aseme pacha, akaufunga. Kisha akasema, kana kwamba anajisemea, "Kwa hiyo alikufa tu. Kama watu."

"Kama watu," Mama Gundi akasema.

Hakulia. Alikishona kitabu upya kwa mpangilio wake wa kweli, akikaza kila fundo, nasi tukimtazama kwa sababu hatukujua mahali pengine pa kutazama. Alipomaliza akakirudisha rafuni. Hakuna aliyenyoosha mkono kukichukua. Kisha akapiga simu akiwa amesimama.

"Shemeji. Mwambie mama kaburi lijengwe." Akasikiliza. "Ndiyo. Nakuja. Hapana, usinipokee, njia naijua."

Asubuhi nilimkuta anafunga mlango wa kijani, kifurushi kidogo miguuni, na ndani yake, nilivyoona pembeni, shati la mwanamume lililopigwa pasi, la kuweka kaburini. Dobi alikuwa amelipiga alfajiri ile, akakataa kuja kuaga. Safari yake ilikuwa upande wa pili, usiopita darajani.

"Kamusi yako iko kwenye jiliwa," akaniambia, akinipa ufunguo. "Usilegeze mpaka kesho. Gundi ikiwa mbichi na ukafungua kusoma, mgongo hautashika tena."

"Na ufunguo?"

"Mpe nesi."

"Nimwambie utarudi lini?"

Alifikiri, kwa kweli alifikiri, kama fundi anayepima kitambaa. "Kufanya nini?" akasema.

Basi likaja. Akapanda bila kugeuka, nami nikabaki na ufunguo wake mkononi.